Shakwe Kwenye Banda la Mama Lukresia

Mwaka themanini na nne, pale Karatu karibu na mashine ya kusaga, palikuwa na benchi la ubao uliong'olewa kwenye bodi ya lori bovu. Antonia aliuza kahawa hapo, na kwa kuwa sukari ilikuwa haionekani dukani, kila kikombe alikisindikiza na umbea kidogo ili kishuke kooni. Kijiwe kikambatiza Mama Birika. Jioni hiyo Clemensi alifika wa mwisho. Huyu alikuwa dereva wa watalii, mwenye kitabu cha picha za ndege, na kwa ajili ya kitabu hicho wakamwita Darubini. Siku zote huagiza kahawa akiwa bado ng'ambo ya barabara, ili na walio mashineni wajue amerudi. Leo alikuja kimya, akaketi ncha ya benchi, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, kama mtu aliyepasukiwa suruali mbele ya wakwe.

Na kweli jambo lenyewe lilikuwa la ukweni.

— Darubini, umefika kwa wakati, alisema mzee Wilibrodi. Huyu walimwita Hakimu, maana hata mbuzi wakipigana yeye husikiliza pande zote mbili. — Tunasikiliza kesi ya ndege wa mama mkwe wako. Padre wa misheni amesema hajapotelewa na bata.

— Hajapotelewa? Clemensi aliuliza, sauti ikitokea chini ya kofia.

— Bata wake wote anao. Sasa yule mwenye pete ni wa nani?

Clemensi akaomba kahawa.

Kisa kilianzia kijijini Ganako, mama mkwe huyo, Mama Lukresia, alipokuwa akilima kwa maksai. Ndege mkubwa akatua nyuma ya plau, akawa anaokota funza kwenye mfereji bila woga. Mguuni ana pete ya bati. Sasa wanawake wa huko wote hufunga kuku wao kitambaa mguuni, huyu chekundu, yule cha khanga ya zamani, ili kuku akipotea ajulikane kwao. Mama Lukresia, mwanamke asiyekula cha mtu, akaona huyu ana mwenyewe. Akamfunika kwa tenga, kisha akaja kijiweni kumwuliza mkwewe, mjuzi wa ndege.

Ganako si mbali. Lakini Clemensi alikuwa na kikombe mkononi na watu wanamsikiliza. Aliuliza swali moja tu: ana utando vidoleni? Anao. Basi akajibu palepale, mguu mmoja juu ya mwingine:

— Huyo ni bata wa misheni, wa Kizungu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mkate manyoya ya bawa moja, mama, asipotee tena kabla mwenyewe hajaja.

Kijiwe kizima kilitikisa kichwa kwa heshima. Mama Lukresia akaenda, akachukua mkasi, akatii.

— Mimi nasema si bata, alisema Antonia akimimina. — Bata gani anakataa mahindi? Mama Lukresia anamnunulia dagaa! Yeye mwenyewe anakula mboga za majani, ndege anakula dagaa.

— Ni wa walanguzi, alisema Hakimu. — Fikirini. Barabara zina vizuizi, magari yanapekuliwa. Ndege nani anampekua? Ile pete ina namba. Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo, mzee?

— Anabeba kidogokidogo.

— Anabeba nini?

— Hilo ndilo linalochunguzwa.

Saning'o alicheka. Yeye alikuwa mfugaji wa kule Ngorongoro, hakosi redio begani hata betri zikiwa zimekufa, jina lake la kijiweni likawa Redio.

— Nyinyi watu wa jembe hamwelewi pambo. Mtu akivaa kitu mguuni, anakuambia rika lake. Yule ni moran wa ndege, kijana wa vita. Hajamaliza umoran, ametumwa kusalimia koo za mbali. Na nyinyi mmemnyoa kabla ya wazee wake kusema anyolewe!

Wakacheka wote. Clemensi naye alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi.

— Rika gani linakuwa na mdomo wenye damu? Antonia akadakia. — Kile kidoa chekundu hapo chini ya mdomo mmekiona? Mimi nimeenda kumtazama. Yule ni bwana arusi wa pwani. Amegeuzwa na mwanamke aliyemwacha. Usiku analia kama mtu anayeita jina.

— Basi kama ni wa pwani, Hakimu akainuka kidogo, — bahari iko nyuma yake. Bahari haimwachi ndege wake. Itapanda na Bonde la Ufa, ijae Manyara, ipande mlima, na sisi hapa tutakuwa...

— Ni shakwe, alisema Clemensi.

Hakimu akaketi.

— Ni nini?

— Shakwe. Ndege wa majini. Si bata, si wa misheni, si wa mtu yeyote.

Akavua kofia. Asubuhi hiyo kule kreta ya Ngorongoro alikuwa amembeba bibi mmoja wa Kizungu, mzee, miguu imevimba kwa safari. Hakutaka simba wala faru. Alitaka ziwa tu. Shakwe wa kichwa cha kijivu walikuwepo, wale wa kila siku, akawaruka. Akamfungulia Clemensi ukurasa wa kitabu cha ndege: mgongo mweusi kama sufuria, miguu ya manjano, doa jekundu mdomoni. Haonekani sana huku juu, bibi alimweleza, lakini mmoja ameonekana ziwani mwaka huu. Hukimbia baridi ya kwao, na masika yakikaribia hurudi. Pete amefungwa na watu wanaotaka kujua anafika wapi. Clemensi alikitazama kile kidoa chekundu, akaikumbuka pete ya yule wa Ganako.

— Ukamwambia yuko kwenye banda la kuku? Saning'o aliuliza.

— Nilimwambia, labda kesho tutamwona.

— Na kesho?

— Kesho alfajiri ananingoja.

Antonia alikuwa wa kwanza kugeuza uso, maana alimwona Mama Lukresia akivuka barabara, tenga kichwani, amevaa kitenge chake cha kanisani.

— Shikamoo, mama, Clemensi alisimama.

— Marahaba, mwanangu. Nimesikia una wageni wa ndege. Nikasema nimlete, huenda wanamjua mwenyewe. Tazama alivyonenepa. Sitaki kesho mtu aseme Lukresia alimtesa kuku wa watu.

Alifunua tenga. Yule ndege akasimama, safi, miguu ya manjano imeoshwa.

— Mama, Clemensi alisema, macho yake chini, maana mama mkwe hatazamwi usoni hivyohivyo. — Nilikosea. Sikuinuka kuja kumwona. Huyu hana mwenyewe. Anatoka mbali sana, kaskazini huko, na wenzake wanakaribia kurudi. Sikupaswa kukwambia umkate.

Mama Lukresia aliinama. Akalipangusa bawa lililokatwa kwa kidole, taratibu, kama anatafuta kosa la mkono wake mwenyewe.

— Manyoya huota, mama, Hakimu akamwokoa Clemensi. — Hata ya kuku wangu yaliota.

— Huota, baba. Najua huota, alisema. Kisha akamgeukia mkwewe, bila hasira, kwa sauti ileile ya siku alipokuja kuuliza. — Sasa wewe unayesoma kitabu, niambie. Wenzake watamngoja?

Hakimu akachungulia kikombe chake. Saning'o akaanza kuzungusha kitufe cha redio isiyo na betri. Upepo ukashuka kutoka upande wa kreta, na ndege akaugeukia, akakunjua mabawa yote mawili, moja refu, moja fupi, akaruka. Akaangukia ubavu, juu ya kiatu cha Clemensi.

Clemensi hakuusogeza mguu.