Evarista Chilumba na Mapipa Mawili ya Mtaa Wetu

Marehemu dada yetu Evarista Chilumba alizaliwa Ndanda, Masasi, tarehe 14 Mei 1931, mtoto wa pili wa Mzee Ignasi. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. La tano walikwenda kaka zake.

Mwaka 1950 alifunga ndoa na Augustino Nantembo, kuli wa bandarini, wakahamia Kariakoo. Aliuza ndizi sokoni. Mteja akishusha bei mno, alimjibu, "Kaka, kwa bei hiyo chukua maganda." Na hayo maganda aliyapatia mtu: Bakili, mfuga ng'ombe wa Ilala, alikuja kuyazoa na mkokoteni.

Mwaka 1974 alichaguliwa mjumbe wa nyumba kumi. Jalala la mtaa lilikuwa limefika madirishani. Mkutanoni wengine walitaka lichomwe, wengine tusubiri lori la taka. Yeye alitaka mapipa mawili: moja la maganda, achukue Bakili, moja la chupa, makopo na majivu, lichukue lori. Jirani yake, Mzee Rajabu, akamtania: "Mjumbe, tumeambiwa tusibaguane, wewe unabagua taka?"

"Basi Mzee, leo lala na chupa kitandani."

Watu wakacheka, mikono ikainuliwa yote.

Mwaka mmoja mtaa ulipumua. Kisha lori likakosa vipuri, pipa la chupa likajaa, watu wakaanza kutupia chupa kwenye maganda. Bakili hakumficha Evarista: "Mama Klara, ng'ombe wangu akimeza kioo, huku sirudi." Ndipo kila asubuhi, kabla ya soko, dada akawa anachambua taka kwa mikono yake. Waliokubali walikuwa wengi. Aliyechambua ni mmoja. Tulimwambia aache, hasara hiyo si yake. Alijibu, "Nikiacha, watachoma."

Mwishoni mwa Februari 1976 kioo kilimkata kiganja. Alifunga kitambaa, akaendelea. Taya zilipokaza tulimkimbiza hospitali, ilikuwa pepopunda. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Machi 1976.

Tusidanganyane kaburini. Juzi maganda ya ndizi tulizopika msibani yalitupwa pamoja na chupa za soda. Bakili alikuja kutoa pole, akachungulia pipa, akaondoka na mkokoteni mtupu. Jana jalala limechomwa. Moshi wake bado uko kwenye nguo zetu.

Ameacha mume, Augustino. Watoto wawili, Klara na Pantaleo. Mdogo wake Pius, anayesoma maneno haya. Na mapipa mawili yasiyo na mwenyewe.

Dada, mikono yako sasa ipumzike kwa amani.