Mama Mikia, Aliyeijua Dawa kwa Mwendo wa Panya

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza panya wa maabara hii, shangazi yangu anastaafu. Dada wa mizani, anayepima dawa na ndiye anayeandaa kijitabu hiki cha sherehe, aliniagiza nianze na mafanikio yake. Lakini kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na bila hilo fanikio lake kubwa kuliko yote litasimuliwa nusu. Zile chupa mbili zilizobadilishana vifuniko miaka saba iliyopita, aliyezibadilisha ni mimi.

Afadhali kuandika. Kwa mdomo nisingeweza. Hata darasani nikiitwa jina huwa natazama viatu.

Shangazi alikuja hapa kuosha vizimba kwa miezi mitatu tu. Miezi ikaota mizizi. Alijua panya yupi anapenda kona, yupi mchokozi, yupi ananenepa kwa kumlia jirani yake posho, na kwa kuwa aliwatambua kwa mikia, jina lake la kwenye cheti likasahaulika. Akawa Mama Mikia. Profesa, ambaye hutafuta miwani huku ameivaa, hajawahi kumwita vingine. Nyumbani alituita kula kwa mluzi ule ule anaowaitia panya, na sisi, bila aibu, tulikuja mbio.

Kazi ya maabara ni dawa ya watu ambao huzuni imewafunga kitandani. Dawa yenyewe ina maumbo mawili, na kila umbo ni kama sura ya mwenzake kwenye kioo. Nilikuwa na miaka tisa shangazi aliponieleza jambo hilo kwa glavu za kuoshea vyombo.

"Hii vidole vitano, na hii vitano. Haya, vaa ya kushoto mkono wa kulia."

Nikahangaika, kidole gumba kikakosa pa kuingia.

"Ubongo nao ndivyo ulivyo, mwanangu. Umbo la kulia linaingia ndani. La kushoto linabaki nje linabisha hodi."

Mwaka huu mwalimu wa kemia ametufundisha hayo hayo kwa ile lugha nyingine ya shuleni, kwa michoro miwili na jina refu la kuuma ulimi. Darasa zima lilikuna kichwa. Mimi nilicheka kimoyomoyo, maana somo hilo nililisoma jikoni.

Panya waliopewa umbo la kulia walichangamka, wakanusa kila kitu, wakapanda kamba. Wa kushoto walijikunja wakalala. Shangazi hakuambiwa kizimba kipi kinapewa nini, asije akaona anachotaka kuona. Kazi yake ilikuwa kutazama na kuandika.

Shule zilipofungwa akaja nami kazini. Aliniacha koridoni na kipande cha mkate na onyo kali nisisogee. Nikasogea. Kwenye chumba cha dawa palikuwa na chupa mbili, zote na maji maangavu, moja ina kifuniko chekundu, nyingine cha buluu. Siku hizo jina la dawa liliandikwa kwenye kifuniko tu. Nilitaka kuijua ile tofauti mwenyewe, basi nikazifungua zote mbili nikanusa. Hazikunuka kitu. Nikazifunika nikarudi kwenye mkate wangu, kumbe kila moja nimeivisha kofia ya mwenzake.

Siku ya tatu kizimba namba nne, ambacho kazi yake ilikuwa kulala, kilikuwa kinakimbia kama kimeitwa. Cha sita kimelala fofofo. Shangazi akaenda moja kwa moja kwa Profesa.

"Hawa wamebadilishiwa dawa."

Profesa akamwonyesha chupa. "Mbona kila kitu kiko mahali pake, Mama Mikia?"

"Profesa, panya hawasomi vifuniko."

Wakazipima kwa chombo kinachoonyesha dawa inapindisha mwanga upande gani. Shangazi alikuwa amesema kweli. Kazi ya miezi sita ikaokoka, akapewa cheti kilichoko sebuleni hadi leo, na tangu siku hiyo jina huandikwa kwenye chupa yenyewe. Aliposimulia hayo mezani, ndipo nilipojua nilichofanya.

Lawama nayo ikatafuta pa kutua, ikatua kwa dada wa mizani. Hakuna aliyemfukuza, walimtania tu. Wakampa jina la Kulia-Kushoto. Akimimina chai wanamuuliza, "Dada, hii ya kuamsha au ya kulaza?" Hucheka nao. Ila mwaka jana nilimwona, kicheko kikiisha, akigeuza chupa moja na kusoma jina la dawa mara nne. Miaka saba anajiuliza mkono wake ulikosea wapi. Haukukosea popote. Dada, ulipima sawasawa.

Nilinyamaza nikiogopa kuiharibu hadithi ya shangazi. Sasa naona haipungui hata chembe. Awe amekosea dada au mpwa mtundu, aliyewatazama panya akawaamini ni yeye.

Shangazi, unisamehe. Onyo ulinipa, nami nikalila pamoja na mkate. Asante kwa vizimba vilivyokuwa safi miaka yote hii, na kwa kutufundisha sote kutazama kabla ya kusema. Tunakuombea afya, asubuhi za kulala hadi uchoke mwenyewe, na miaka mingi yenye furaha kuliko hii uliyotupa.

Naandika haya katika chumba cha mafaili. Leo watu wawili wamepita koridoni, na mara zote mbili nimeifunika karatasi hii kwa faili. Sasa nasikia viatu vya dada wa mizani, anakuja kuichukua. Faili nimelirudisha rafuni. Karatasi nimeigeuza ielekee mlangoni, asije akaisoma kichwa chini.