Veneranda na Upenyo wa Minyaa

Zamani mtu wa mtaa wa Buzebazeba, hapa mjini kwetu, aliingia kwa jirani kuomba moto. Siku hizi anabonyeza kengele na kuulizwa ana miadi na nani.

Dada yetu Veneranda Pastory alizaliwa Katonga, kwenye mwalo wa ziwa, tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa kwanza wa mvuvi. Alisoma hadi darasa la nne; baba akasema inatosha, dagaa hawajianiki wenyewe. Aliwaanika na kuwauza Katonga mpaka uzeeni. Wateja wa Kongo na Burundi walimwita Mama Bila Mchanga, kwa usafi wa dagaa wake.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na marehemu Meshack, seremala wa mitumbwi, wakajenga Buzebazeba. Mwaka uliofuata mzee Nyabenda alikimbia Burundi na familia yake, akajenga ubavuni mwao. Wakapanda minyaa iwe mpaka, wakaacha upenyo kama ilivyokuwa desturi, ili wanawake waombane chumvi bila kuzunguka.

Mwaka 2019 walikuja wapima ardhi. Mji wetu, walisema, utakuwa lango la nchi tatu. Kijana mmoja akasimama kwenye upenyo.

"Shikamoo, bibi. Hapa watu wanapita?"

"Marahaba. Wanapita, baba. Hata wewe pita, kuna uji."

Akanywa uji, akachora barabara. Ramani ilipobandikwa, upenyo ulikuwa mtaa, na nyumba ya Veneranda imo katikati yake. Alikwenda ofisini tena na tena kueleza kwamba ule ulikuwa mlango wa majirani. Akajibiwa kwamba alikiri mwenyewe. Nyumba ilibomolewa Agosti 2022. Barabara yenyewe hadi leo haijafika popote.

Alihamia Kasingirima kwa bintiye Frida, mtoto mwema, kwenye nyumba ya ukuta na geti. Presha iliyomwanza siku za ofisini ilizidi. Alipatwa na kiharusi Januari, akafariki tarehe 9 Februari 2025.

Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, mimi mdogo wake, na mzee Nyabenda aliyeketi hapa mbele. Huyu naye ni mfiwa, apewe pole. Mungu amjalie dada yetu makao yasiyopimwa upya.

Mara ya mwisho nilimwona siku mbili kabla ya Krismasi. Frida alikuwa kazini, ameondoka na funguo. Nikaketi nje, yeye ndani, tukizungumza kupitia tundu la geti. Nililiona jicho lake moja na upindo wa kitenge.

"Mdogo wangu," akasema akicheka, "miaka yote naambiwa tunaishi mpakani. Leo ndiyo nauona."