Tabibu Kalista na Shingo ya Mzee Masunga

Tarehe 30 Juni 2004, baada ya miaka thelathini na miwili kazini, Afisa Tabibu Kalista Mwanandenje anastaafu. Kuna watakaoshusha pumzi. Mimi Nesi Adela na wenzangu wa chumba namba nne hatumo.

Alianza zahanati ya Ilemba mwaka 1972, dawa chache na wagonjwa tele, akahamia hapa hospitali ya Sumbawanga mjini mwaka 1989. Tulimtania kwa jina la Mama Shingo. Kila mzee aliyeingia alipewa shikamoo, kisha Kalista akatulia kusikiliza marahaba inavyotoka. Ikitoka imepinda, kifaa cha kusikilizia mapigo kilikwenda shingoni papo hapo, foleni ilalamike itakavyo.

Ndivyo alivyomnasa Mzee Masunga mwaka jana, mfugaji wa Milepa mwenye miaka sabini na sita. Alikuja kutibiwa mguu uliokanyagwa na ng'ombe, marahaba yake ikakwama njiani. Kumbe wiki nzima kibuyu cha maziwa kilikuwa kinamponyoka mkononi, naye akimlaumu ng'ombe kwa ukorofi! Kalista akasikia mvumo wa damu shingoni, na picha iliyopigwa Mbeya ikathibitisha: mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo ulikuwa umeziba zaidi ya nusu. Kiharusi kilikuwa mlangoni.

Tiba zilikuwa mbili, zote Dar. Ya kwanza, kupasua shingo na kukwangua uchafu ndani ya mshipa. Ya pili, kupitisha waya kutoka kinenani hadi shingoni na kuacha kimrija cha wavu kinachotanua mshipa. Zama hizi za soko huria, kliniki moja binafsi ilikuwa inaunadi waya kwa maneno matamu: hakuna kisu, siku mbili uko nyumbani. Wanawe wakashawishika. Bosi mmoja, simtaji, akamwagiza Kalista asaini rufaa ya waya.

Akagoma! Si kwamba aliudharau waya. Mzee angekuwa na moyo dhaifu, au shingo iliyowahi kupasuliwa, yeye angekuwa wa kwanza kusaini. Lakini mishipa ya umri ule imekakamaa, na waya unaweza kung'oa chembe za uchafu zikapanda ubongoni. Kisu nacho hakumficha mzee: kinaweza kugusa neva ya sauti. Mzee akachagua kisu.

Kalista akapewa barua ya karipio, mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu. Eti kajitia udaktari! Mwezi uliopita akaambiwa aombe radhi ili barua itolewe kwenye faili. Akasema ibaki. Na sisi tunasema ibaki, tena iwekwe juu kabisa.

Mzee Masunga amekuja na wanawe, yupo ukumbini kiti cha mbele, na ameomba kuzungumza. Sauti yake inakwaruza tangu siku ya kisu, ila anakamua ng'ombe mwenyewe na maneno yake yote yamo.

Tabibu Kalista, tunakushukuru mno. Kapumzike nyumbani Chanji, ulezi ukubali shambani, miguu iache kuuma, wajukuu wakuchoshe. Na radhi usimwombe mtu.