Musyoka Alivyolitoa Kopo Langu la Iliki

Ofisi imeniambia wasifu wa mstaafu huanza na miaka ya kazi. Sawa, lakini mimi siwezi kumuaga mtu kabla sijawaamkia watu wake. Basi kwanza salamu zimfikie Jerioth, mkewe, aliyekaa hapo mbele na kitenge chake cha rangi ya machungwa. Salamu kwa Phoebe, binti mkubwa, pamoja na huyo aliye tumboni, Mungu amjaalie afike salama. Salamu kwa Lenox aliyeko chuoni. Natumai anakula, maana mara ya mwisho nilipomwona shingo ilikuwa nyembamba mno. Mama mzazi wa Musyoka, huko Machakos, shikamoo mama, miguu yaendeleaje? Salamu kwa mbuzi wote, na kwa yule mbwa anayemkimbia paka. Sisi wa jikoni hatujambo, ni mafua tu.

Haya. Musyoka amefanya kazi katika yadi yetu hapa Magongo kwa miaka ishirini na tisa, na anastaafu tarehe thelathini na moja mwezi huu wa nane. Aliingia kijana mwembamba, msaidizi wa fundi wa breki, amevaa sweta katika joto la Mombasa kwa sababu mamake alimwambia asilivue. Anatoka fundi mkuu, na mwembamba hayuko tena, hapo najipongeza mwenyewe.

Siku za mwanzo alikuwa akiniogopesha. Samaki wa nazi hakumgusa, akimtazama tu kama mtu anayetazama shimo. Nikawa silali, nikiwaza mtoto wa watu atanifia jikoni. Ikabidi nimtafute mama mmoja wa Kikamba pale Changamwe anifundishe kupika muthokoi, yale mahindi yao ya kukoboa yenye maharage. Siku nilipompelekea sahani alikula yote, akaleta sahani, akala tena. Mwaka wa pili akala samaki hadi kichwa, na tangu hapo kichwa ni chake, hakuna wa kumgombania.

Kazi yake mnaijua. Mashine ya kunyanyulia makontena haikutoka gereji ya Musyoka mpaka apande juu yake na kikombe cha chai yangu. Anakiweka mbele, kimejaa, anamwambia dereva aende kisha akanyage breki. Chai ikimwagika, mashine inarudi ndani. Madereva walimcheka, na mimi nilimgombeza kwa vikombe alivyonivunjia, lakini miaka yote hiyo hakuna mashine iliyotengenezwa na mkono wake iliyokataa kusimama. Kuna akina mama wengi hapa Magongo na Likoni ambao waume zao hurudi nyumbani wazima jioni na hawajui wamshukuru nani. Mimi najua, ndiyo maana nayasema.

Lakini mkiniuliza nitamkumbuka kwa lipi zaidi, nitawaambia ni ile sataranji ya Disemba iliyopita. Wageni mliokaa hapa hamjui desturi yetu, kwa hivyo nieleze. Kila Disemba yadi yetu hucheza sataranji na kiwanda cha unga kilicho ng'ambo ya barabara. Mchezo ni mmoja, mtu mmoja kila upande. Upande ulioshindwa, mpishi wao huvuka barabara akaenda kuwapikia pilau watu wote, ndani ya jiko la walioshinda, na mpishi wa walioshinda hukaa kitini akitazama.

Nilikuwa nimevuka barabara ile miaka mitatu mfululizo. Mpishi wa kiwanda ni Kadzo, rafiki yangu wa siku nyingi, lakini Disemba urafiki huuweka kando. Ana kiti cha mbao chenye mito miwili. Anakaa, mguu juu ya mguu, mimi nimeinamia sufuria la watu tisini, jasho lanitiririka, kisha ananiuliza kwa upole, "Dada Mwanarehema, huko kwenu chumvi ni ghali?" Wallahi, kuna aibu za kuisha na kuna hiyo.

Aliyekuwa akituchezea ni Mwinyihaji, karani wa geti. Disemba iliyopita jino likamuuma, shavu likafura kama andazi, hawezi hata kufikiri. Tukawa hatuna mtu. Hapo Musyoka akasema, kwa sauti ile yake ya chini, kwamba atacheza yeye. Tukamtazama. Kumbe Jumapili zote alikuwa akicheza na Lenox nyumbani, na hakumwambia mtu.

Nieleze jambo moja tena kabla sijasahau. Ile sataranji yetu ilipoteza malkia mweupe zamani, na mahali pake husimama kopo langu dogo la iliki. Kila malkia anaposogezwa iliki hulia ndani yake, hata aliye nje ya mlango hujua amekwenda. Kwa hivyo asubuhi ile nilimshika Musyoka mkono nikamwambia, mwanangu, kila kitu kiende lakini hilo kopo lichunge. Akaniambia nisiwe na wasiwasi. Mimi, nisiwe na wasiwasi!

Mchezaji wa kiwanda ni Abdulghani, dereva wa lori, mtu wa Kisauni, mcheshi, na kwa sataranji ni hatari. Alianza vizuri. Alimkinga mfalme wake pembeni, ngome ubavuni, askari watatu mbele kama ukuta. Musyoka yeye alikuwa akisogeza taratibu kama mtu anayetafuta funguo. Askofu mmoja alimweka mbali kabisa, pembe ya pili ya ubao, akakaa huko mchana kutwa kama mgeni asiyeagiziwa chai. Farasi akamleta karibu na ukuta wa Abdulghani. Nikaona ni mwendo mzuri, nikaanza kupumua.

Kisha Musyoka akalishika kopo. Iliki ikalia. Akalivusha, akaliweka mbele ya ule ukuta, mahali ambapo askari wa kawaida kabisa angeweza kulila. Mimi sikuona cha kulilinda. Akaondoa mkono, akakaa.

Mimi nilishika kichwa kwa mikono miwili. Nikaona barabara, nikaona sufuria, nikaona Kadzo anapanga mito yake. Nikasema moyoni, Yallah, mwaka wa nne, na kopo pia limekwenda. Machozi yakanilenga.

Sasa sikilizeni, Abdulghani si mjinga. Alinusa jambo. Mkono wake ukaelekea kwa askofu wake, amrudishe nyuma akinge njia, na Mwinyihaji ameniambia baadaye kwamba angefanya hivyo tungecheza mpaka magharibi na huenda tungeshindwa. Lakini mkono ukasita hewani. Akainua macho akatafuta uso wa kumpa jibu. Musyoka uso wake ulikuwa kama duka lililofungwa. Mwinyihaji shavu lile halikusomeka. Ndipo akanitazama mimi, nimeshika kichwa, macho yamejaa maji.

Akatabasamu. "Mama huyu ameshaona kosa," akasema, na askari wake akalila kopo langu. Akalitikisa, akalinusa, akampa Kadzo aliyekaa nyuma yake. Kadzo akalifunga katika ncha ya leso, akaniuliza kama safari hii nitakuja na mwiko wangu au aniazime.

Musyoka alimchukua farasi, akamrusha pale pale kopo lilipokuwa, akamla yule askari aliyelila. Basi. Mfalme wa Abdulghani hana pa kukanyaga. Ubavuni ngome yake mwenyewe imemziba, mbele askari wake mwenyewe wamemziba, na pale palipofunguka, pale alipotoka yule askari kwenda kula, palikuwa pakitazamwa na askofu wa mbali, yule mgeni wetu wa pembeni. Mchana kutwa alikuwa akingoja mtu amfungulie mlango tu.

Abdulghani aliutazama ubao kwa muda. Tuliogopa atakasirika. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua kofia, akasimama akampa Musyoka mkono. Kisha akaomba vipande virudishwe aone tena. Kadzo akafungua leso, kopo likarudi ubaoni, likaliwa tena, farasi akaruka tena. Wakafanya hivyo hata nikapoteza hesabu, na kila mara watu waliguna pale pale, kana kwamba hawakuwa wakijua kinachofuata. Mara ya mwisho Kadzo mwenyewe alisimama kitini kutazama. Abdulghani akasema ameshinda Disemba tatu na hakumbuki hata moja, lakini hii atawasimulia wajukuu, na yeye ndiye aliyeshindwa.

Mimi niliona raha, kisha nikaona hasira. Nilimfuata Musyoka gereji nikamuuliza kwa nini hakunidokeza, nami nina presha na anajua. Aliacha spana akaniangalia.

"Mama Asmaa," akasema, "ningekudokeza, ungecheka. Uso wako haujui kuficha. Nilihitaji mtu mmoja mle ndani ambaye Abdulghani angemwamini."

Nilirudi jikoni nikagongesha sufuria mpaka jioni. Halafu nikamwekea kichwa cha samaki.

Pilau alipika Kadzo, jikoni kwangu. Nilikaa kitini, mguu juu ya mguu, nikaonja. Chumvi ilikuwa sawasawa. Hilo mpaka leo linaniudhi.

Musyoka, sasa nasema na wewe. Ofisi imetuomba sote leo tuwe na nyuso za furaha kwa ajili ya picha. Nimejaribu mbele ya kioo tangu asubuhi, na unajua ilivyo. Kwa hivyo ukiniona nimeshika kichwa, ni kwa sababu Jumatatu chai ya saa nne itaiva na kikombe chako hakitapanda mashine yoyote. Safari hii hakuna farasi anayekuja nyuma. Asante kwa kila jioni uliyowarudishia watu wao. Nenda salama, pumzika, ule vizuri, na Jerioth akikupunguzia chakula niambie nizungumze naye. Mungu akupe miaka mirefu, yenye raha na miguu isiyouma.

Kopo nimelitia mkobani mwako, chini ya shati la bluu, na nimelijaza. Maana yake yadi sasa haina malkia, na Disemba si mbali. Ukishuka tu Machakos, kabla hujakaa, nipigie uniambie mmefika, na kwamba limefika, na siku utakayolirudisha mwenyewe kwa mkono wako. Usikawie kunijibu. Nimepita kiwandani jana, na Kadzo anakipaka rangi kile kiti.