Ile g ya Dada Yenu

Sikilizeni wanangu, na wewe mkubwa, fundi wangu wa kompyuta, zima simu kwanza, maana pumzi yangu leo ni ya kuazima na sitarudia. Nyumba hii ni yenu wawili, msije mkanigombania vyumba. Baba yenu mdogo, aliyenisema kwenye msiba wa dada yenu kwamba nilishinda nikichora vidoti huku mtoto anakufa, mwambieni nimemsamehe, ila siku ya kunizika asikae mbele. Ninachotaka hasa kusema ni habari ya ile kompyuta kuukuu ya chumba cha nyuma.

Mnajua kampuni iliniajiri nichore herufi za kompyuta za mwanzo mwanzo, kila herufi ndani ya visanduku vinane kwa vinane. Ukijaza kisanduku kwa penseli, kwenye skrini kinawaka kidoti. Herufi g ilinitoa jasho, mkia wake hauna pa kwenda. Dada yenu, ambaye nyinyi hamkumwona, alikuwa kitandani anaumwa, nami nachorea pale pale ubavuni mwake, akaninyang'anya penseli, akasema, "Baba, si umkunje miguu akae!" Akajaza mwenyewe, g ikakaa kitako juu ya mstari, kitumbo kimepinda. Nikacheka mpaka machozi, nikaiacha hivyo hivyo, na zilizobaki tukachora pamoja. Alikufa kabla mashine haijatoka. Hakuona herufi yake hata moja ikiwaka, na hilo, wanangu, limenikaa hapa kifuani mpaka leo.

Watoto wa shule walijifunza kusoma kwa mkono wake. Kisha zikaja kompyuta za herufi laini, za kwetu zikatupwa, ikabaki mashine hiyo moja. Sasa juzi, fundi wangu, umeniletea herufi zile kwenye simu, meno yote nje, umezisafisha: kingo umelainisha, g umeinyoosha mkia. Ahsante, najua ulitaka kunifurahisha. Lakini umemtoa mtoto wangu mle ndani, nami nilikosa nguvu ya kukwambia.

Zihamishe upya, kidoti kwa kidoti, palipopinda pabaki pamepinda. Na wewe kitindamimba, unayelalamika chumba kimejaa makorokoro, mashine isitoke mpaka kaka yako amalize. Mungu awa... ngojeni, nipeni maji. Mungu awaweke, mpendane, mzeeke pamoja. Haya, ileteni hapa kitandani, iwasheni.

Imewaka? Naisikia inavuma... Mimi sioni kitu, wanangu, macho yameingia giza. Fundi wangu, shika kidole changu, ukiweke palipo na ile g yake.