Akili na Hatari

"Kosa la herufi halipiti mikononi mwangu. Mkilikuta kosa kwenye kitabu nilichokipanga mimi, basi hilo limeshuka kutoka mbinguni, msinitafute." Maneno hayo marehemu aliyasema akiwa amesimama, kipaza sauti mkononi, Jumapili tarehe 7 Februari 1988, mbele ya kanisa zima, siku kiwanda cha uchapaji cha kanisa kilipotimiza miaka hamsini. Watu walipiga makofi. Msomaji prufu wake, mtu wa kuwinda makosa kabla ya kuchapa, aliyekaa karibu na mlango, alipiga kuliko wote. Marehemu aliagiza mwenyewe kwamba wasifu wake uanzie hapo, kuzaliwa kufuate baadaye, na mtu yeyote asiurembe. Basi umeanzia hapo.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1947, mtoto wa nne kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa fundi wa boila, mama yake alifua mashuka ya hospitali. Inasimuliwa kwamba alipozaliwa alitoa sauti moja fupi, akanyamaza, mkunga akadhani wamempoteza. Shangazi, mdogo wake pekee aliye hai, husema kaka yake aliingia duniani akaweka nukta. Jina la Mzee Nukta lilimkaa mapema hivyo, hata kabla hajawa mzee.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1955 hadi 1962, kisha miaka miwili ya ufundi. Dawati lake alilichangia na mtoto mmoja asiyeona ubao. Nukta alimsomea ubao kwa kunong'ona, na yule mwenzake, ambaye kitabu alikisoma kikiwa kimegusa pua, alimsahihishia insha. Walichapwa pamoja kwa kunong'ona na walifaulu pamoja. Mwenzake alipopata miwani darasa la sita, aliduwaa dirishani, akauliza, "Kumbe miti ina majani mojamoja?" Tangu siku hiyo akaitwa Miwani, na tangu siku hiyo hakuna kilichompita.

Januari 1966 wote wawili waliajiriwa kiwandani. Miwani alipewa meza ya kusoma prufu, yaani kurasa za majaribio zinazotolewa kabla ya kuchapa kitabu chenyewe. Marehemu alianza kwa kufagia herufi zilizoanguka sakafuni, na miaka miwili baadaye akawa mpangaji. Wasioijua kazi hiyo waielewe hivi: herufi zilikuwa vipande vya madini ya risasi, unaviokota kimoja kimoja kwenye trei, unavipanga kinyumenyume, mstari kwa mstari, kisha ukurasa mzima unaubana ndani ya fremu ya chuma. Ukurasa mmoja uzito wake kama mtoto mchanga, na ukiudondosha unalia wewe. Kwa mazoea hayo marehemu alisoma kila kitu hata kikiwa kichwa chini. Mwalimu mkuu alishindwa kuandika barua ya kuwashtaki watoto wa marehemu mbele yake. Kabla hajafika mstari wa tatu, mzee anajibu kutoka upande wa pili wa meza.

Alimwoa mshonaji wa sare za shule Jumamosi tarehe 14 Aprili 1973, Miwani akiwa msimamizi wake. Uchumba wenyewe nusura uharibike. Bibi arusi mtarajiwa alimjibu kwa barua yenye neno moja, "Nimekubali", bila alama yoyote mwishoni. Marehemu alitembea saa nzima na ile barua hadi kwao.

"Samahani, dada. Hapa panafuata nukta au alama ya kuuliza?"

"Hapo panafuata wewe kuondoka kabla baba hajatoka nje."

Walipata watoto watatu, wakaishi nyumba moja yenye baraza ya saruji kwa miaka thelathini na minane, hadi mama alipotangulia mwaka 2011.

Jumapili alifundisha watoto. Habari za uumbaji alizieleza kikazi. Alisema Mungu alitamka, ikawa, na kila jioni alirudi kusoma prufu yake, akaona ni vyema. "Mwanga, sawa. Bahari, sawa. Ng'ombe, sawa. Siku ya sita akaweka mtu, na mtu ni herufi yenye miguu. Ukishamaliza kumpanga, anashuka kwenye mstari anaenda kusimama anapotaka." Watoto walicheka, naye aliwaacha wacheke, kisha akawaambia kwamba hapo ndipo kazi yote ilipoharibikia, na kwamba Mungu hakuchukua nyundo akavunja ukurasa. Alimtuma Mwanawe aingie kwenye mstari.

Mwaka 1988 kiwanda kilipewa kuchapa kitabu cha mafundisho ya kipaimara, nakala elfu nne. Swali la kumi na mbili liliuliza Mungu alipomuumba mtu alimpa nini kuliko wanyama, na jibu lilikuwa: Alimpa akili na hiari. Mwandiko wa mchungaji wa wakati ule ulikuwa wa kukisia. Marehemu akakisia: akili na hatari. Kosa la namna hiyo si ajabu, na ndiyo maana wasomaji prufu hulipwa. Miwani aliliona. Ijumaa tarehe 4 Machi, saa kumi jioni, alimpelekea ile karatasi mkononi, neno limezungushiwa wino mwekundu na pembeni kaandika hiari. Wenzao wanne walikuwa wananawa mikono pale kwenye beseni.

"Bwana mkubwa," Miwani akasema, "hili nalo limeshuka kutoka mbinguni?"

Wale wanne walicheka mpaka sabuni ikawaponyoka. Marehemu hakucheka. Alisema, "Nitarekebisha." Kurekebisha kulimaanisha kuilegeza fremu, kutoa neno la herufi sita, kuweka la herufi tano na kuusawazisha mstari, kazi ya robo saa. Aliikunja karatasi, akaitia mfuko wa aproni, akaenda nyumbani. Jumatatu fundi wa mashine aliukuta ukurasa umebanwa vizuri kabisa, akauchapa.

Mkewe aliikuta karatasi siku ya kufua. "Baba watoto, hii inafuliwa au haifuliwi?" Aliposoma akaiweka kando, hakuifua. Wakati huo nakala zilishafungwa maboksi. Marehemu alisema hakuna mtu atakayeona, na kwa miezi minane hakuna aliyeona. Watoto walikariri, wazazi waliwasikiliza, walimu waliweka vema.

Jumapili tarehe 27 Novemba 1988 ilikuwa siku ya kipaimara, na kati ya walioitwa mbele alikuwa binti yake wa kwanza, Dada Mkubwa, miaka kumi na minne, gauni jeupe la kushonwa na mama yake.

"Mwanangu, Mungu alipomuumba mtu, alimpa nini?"

"Alimpa akili na hatari."

"Alimpa nini?"

"Hatari, mchungaji."

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Kitabu."

Kanisa lilicheka hadi mpiga kinanda akaegemea vitufe, kinanda kikapiga mayowe chenyewe. Mama mmoja wa safu ya mbele alisema kwa sauti kitabu hakijakosea, yeye ameolewa na hatari yenyewe na leo imevaa tai. Waliocheka hawakuangalia safu ya tatu. Marehemu alikuwa ameinamisha kichwa, anahesabu vifungo vya shati lake.

Kesho yake meneja aliwaita wote wawili. Miwani alisema, "Nilisahihisha, nikampa mkononi. Muulize, huyu ni ndugu yangu." Meneja akageuka. "Ulipewa?"

Marehemu alisimulia baadaye kwamba swali lile halikuwa gumu. Hakuna aliyemshika koo, hakuna njaa nyumbani, shetani hakumwona popote ofisini. Kulikuwa na feni, kalenda na watu wawili wanaomngoja. Angeweza kusema ndiyo. Akasema, "Sikumbuki kupewa." Hakusema sikupewa. Alilichagua neno kama alivyozoea kuchagua herufi, akalipanga, akalibana.

Miwani alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akamtazama. Akasema, "Haya." Ijumaa hiyo aliachishwa kazi, akafungasha mto wa kiti chake na chupa ya wino mwekundu. Alihamia mji mwingine, akapata kazi ya kulinda geti la shule. Mtu aliyesoma kurasa mia nne kwa juma akawa anasoma namba za magari.

Jioni ya Ijumaa ile mke wa marehemu aliitandaza ile karatasi mezani, katikati ya sahani.

"Utakwenda lini kumwomba Miwani msamaha?"

"Nitakwenda. Mwezi ujao."

Hayo yalikuwa mazungumzo yao kwa miaka ishirini na mitatu. Baada ya mwezi ujao ilikuwa baada ya Pasaka, baada ya mvua, baada ya mtoto kumaliza shule. Mama alipokuwa akiumwa alimwambia, "Mimi natangulia, wewe baki na mwezi wako ujao." Toleo la pili la kitabu alilipanga yeye, likatoka bila doa. Lakini akifundisha watoto na kufika swali la kumi na mbili, alimwachia mwalimu mwingine chaki, akatoka nje kukohoa. Hakuwahi kuugua kifua. Alistaafu tarehe 31 Desemba 2002, akapewa cheti cha mtumishi mwaminifu, ambacho hakikutundikwa ukutani. Kilikaa chini ya godoro, na waliouliza waliambiwa hakuna msumari.

Figo zilianza kumsumbua Aprili 2023. Oktoba mwaka huu alilazwa, kitanda cha sita, kando ya dirisha lisilofunguka. Hapo ndipo alipomweleza mchungaji wa sasa, ambaye ni mdogo kuliko watoto wake, mambo yote haya kwa mpangilio, tarehe juu ya tarehe. Mchungaji alimwambia damu ya Kristo imelipa, atubu na aamini, amesamehewa.

"Naamini," marehemu akasema. "Lakini Mungu sikumfukuzisha kazi, mchungaji. Niliyemfukuzisha analinda geti."

Mzee akaendelea, maana hata na mirija puani alikuwa mbishi. "Na nikuulize. Kama alijua tangu kuumba ulimwengu kwamba nitaitia mfukoni, mbona alinipa mfuko?"

"Mfuko alikushonea mkeo, mzee. Mungu alikupa mkono. Ule ule ulioitia ungeweza kuitoa."

Dada Mkubwa, aliyekuwa akimenya chungwa pembeni, anasema baba yake alijibu, "Kijana huyu wamemsomesha vizuri." Ndipo akamwagiza binti yake ampigie Miwani simu. Ilikuwa Jumanne tarehe 15 Oktoba.

Sauti ya Miwani simuni ilikuwa ya mzee mwenye haraka. "Anaumwa? Sana? Mwambie nakuja. Mke wangu hapa hawezi kukaa peke yake, nitafute wa kumwangalia. Jumamosi nipo."

Tangu hapo marehemu hakuuliza habari za figo. Aliuliza leo ni siku gani. Jumatano aliuliza mara tano. Alikataa dawa ya usingizi asije akapitiwa mtu akiwa mlangoni. Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, aliuliza tena. Akaambiwa Alhamisi. Akasema, "Bado." Hakusema neno lingine.

Nyumbani kulizuka ubishi kama haya yasomwe. Shangazi alipinga kwa machozi. "Tumemnunulia suti, halafu nyinyi mnataka kumvua nguo mbele za watu!" Dada Mkubwa akamjibu, "Shangazi, mwenyewe kasema isomwe. Miaka thelathini na sita alikuwa amevaa." Ile karatasi imekutwa kwenye droo ya cherehani ya mama, wino bado mwekundu.

Jumamosi saa saba mchana Miwani alifika na begi dogo. Alikuta viti vya kukodi barazani, akaelewa kabla hajaambiwa. Alipewa wasifu huu ukiwa bado haujachapwa. Aliusoma amesimama, akasahihisha herufi mbili kwa kalamu ya kuazima. Dada Mkubwa alimpigia magoti, akamwomba radhi kwa niaba ya baba.

"Inuka, mwanangu. Baba yako nilimsamehe zamani, hata mwaka haukuisha. Nilikuwa na upweke kule, hasira ingenimaliza. Msamaha wake ulikuwa tayari, umekaa pale nyumbani kwangu. Kila mlango ukigongwa nilidhani ndiye." Akakunja karatasi. "Sasa mtu humpelekei msamaha kwa nguvu. Nilimwachia aje. Hakuja."

Marehemu ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, dada mmoja, darasa la watoto wa Jumapili, na rafiki mmoja ambaye leo amekaa nasi safu ya kwanza kwa kulazimishwa.

Aliyemuumba na kumpa hiari ampokee, amlaze mahali pasipo na kesho ya kuahirishia.

Kati ya mji huu na mji anaoishi Miwani kuna basi kila siku. Linaondoka saa moja asubuhi na kufika saa sita mchana. Nauli ni elfu nane.